Hamira gani na hopsi gani kwa anayeanza kupika bia ya kopo?

mgema_mpya
Habari zenu wakuu, muda mrefu nasoma tu humu kimyakimya leo nimeona na mimi nijitose. Nimepata ile seti ya kuanzia kupika bia nyumbani, ndoo yenye mfuniko, kile kidude cha kupumulia gesi, haidromita ya kupimia sukari iliyobaki kwenye bia, na kopo la kimea kizito kilo 1.7 ambalo linatoa lita 23. Chini ya kifuniko cha plastiki nimekuta kapakti ka hamira gramu 6 hakajaandikwa hata ni aina gani. Sasa kila ninayemuuliza ana lake, huyu anasema tupa hiyo hamira, yule anasema ongeza hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu), mwingine anasema usiguse kitu we fuata maelekezo. Kopo limeandikwa lager na mimi napenda bia yenye harufu ya matunda hivi, isiwe chungu sana. Nichukue hamira ipi, hopsi zipi na niziweke lini? Chumba changu kinacheza nyuzi 26 mpaka 28 kama hiyo inasaidia. Natanguliza shukrani

ndoo_ya_pili
Mkuu hayo ya chumba umeyaweka mwishoni kumbe ndo yenyewe. Kabla hujauliza jina la hamira angalia joto ulilonalo, maana hamira ni kiumbe hai na ina joto lake inalolipenda. Halafu kumbuka bia ikichacha inajitengenezea joto yenyewe, chumba kikiwa 27 ndani ya ndoo unaweza kukuta 29 au 30. Hapo hamira nyingi za kawaida zinaanza kutoa ladha ya ndizi na ule ukali wa spiriti unaochoma koo, kesho yake kichwa kinagonga.

Hilo neno lager kwenye kopo lisikutishe. Hamira ya lager ya kweli mfano W-34/70 inataka baridi, 12 mpaka 18 hivi, na wewe hiyo baridi huna. Makopo mengi ya "lager" kwanza humo ndani wanakuwekea hamira ya ale (bia inayochachia kwenye joto zaidi ya lager) maana wanajua watu hawana friji la kuchachishia.

Kwahiyo una njia mbili. Ya kwanza upunguze joto, weka ndoo kwenye beseni la maji, izungushie taulo bichi na uwe unabadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Ukifika 18 mpaka 22 chukua hamira ya ale inaitwa US-05, pakti ya gramu 11.5, ni hamira safi haiingilii ladha ya kitu kingine, harufu ya hopsi inabaki mbele. S-04 pia nzuri, yenyewe inatua chini haraka bia inakuwa angavu ila ina katunda kidogo ka kiingereza. Njia ya pili usihangaike na barafu, chukua kveik, hamira ya kienyeji ya Norway, aina ya Voss, ile inafanya kazi hata 35 mpaka 40 na inatoa harufu ya chungwa. Kwa chumba chako mimi ningeenda na Voss ila hiyo nayo ndoo uifunike blanketi, usiiache ipoe.

povu_juu
Mi sikubaliani na wanaosema tupa kapakti. Shida yake ni kwamba kamekaa juu ya kopo sijui miezi mingapi kwenye stoo yenye joto na ni gramu 6 tu kwa lita 23. Angalia tarehe, kama ni mpya itafanya kazi. Mi bia yangu ya kwanza niliitoa na hiyohiyo na watu walikunywa wakamaliza (sisemi walisifia lakini, mgema akisifiwa mnajua kinachofuata).

majani_mabichi
Ngoja niseme ya hopsi maana wengi wanapotea hapa. Hilo kopo tayari lina uchungu, kiwandani walishachemsha hopsi humo. Uchungu unatokana na asidi za alfa na zile hazitoki vizuri mpaka uchemshe, ndo maana wanaopika toka mwanzo wanachemsha kama dakika 60. Wewe wa kopo huhitaji kuchemsha hopsi kabisa, unachotafuta ni harufu, na harufu inapotea kwenye moto.

Kwahiyo usinunue hopsi kwa kuangalia asilimia za alfa, angalia zinanukia nini. Cascade ya Marekani ya tangu 1972, inanukia balungi na maua, kwa anayeanza naiona ndo salama zaidi. Citra ni embe na machungwa, tamu sana ila ina kelele, ukizidisha unakunywa juisi. Saaz ya Ucheki ni ya kistaarabu, majani na viungo kwa mbali, ukitaka bia ionje kama lager kweli. Fuggle na Goldings za Uingereza zina uudongo fulani, kwa ulichosema hazikufai.

Chukua gramu 30 za Cascade, zisizidi 50. Subiri uchachu uishe, siyo siku ya pili povu likiwa linapanda, maana ile gesi ikitoka inaondoka na harufu yako yote. Tia kavukavu kwenye ndoo, kaa nazo siku 3 basi, ukiziacha wiki mbili bia inaanza kuonja majani. Na pakti ukishaifungua ibane hewa itoke weka friza, hopsi zikigeuka kahawia na kunuka jibini tupa.

ndoo_ya_pili
Hapo kwa @majani_mabichi niongeze kitu kimoja kilichonipata. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambayo hamira ilikuwa imeshindwa kuila, kwahiyo ukitia hopsi uchachu unaweza kuamka tena taratibu. Mimi nilipima kwa haidromita kabla ya kutia hopsi nikaona 1.010 nikaridhika, baada ya siku tatu nikajaza chupa bila kupima tena, usiku wa manane chupa zikaanza kulipuka kabatini moja moja. Pima BAADA ya hopsi, namba ikae palepale siku 2 au 3 ndo ujaze, na sukari ya chupa usizidishe gramu 6 mpaka 7 kwa lita.

mgema_mpya
Duh asanteni sana. Basi nachukua Voss na Cascade gramu 30. Swali la mwisho, wameandika niongeze kilo ya sukari, niweke?

povu_juu
Weka nusu, nusu nyingine weka unga wa kimea. Sukari tupu inaongeza kilevi lakini bia inakuwa nyepesi kama maji. Na kama unafuga mbwa makapi ya hopsi usiyatupe nje, kwa mbwa ni sumu, yanaweza kumuua.

mgema_mpya
Ninaye, tena anakula kila kitu. Nashukuru kwa hilo maana nilipanga kuyamwaga bustanini.