Ukoo wa Kirumba

Mama Kulwa: Nani kampa Doto ile flashi ya filamu? Saa nane usiku kaja kujibanza kitandani kwangu, eti kuna mtu anakwaruza mlango. Kumbe injini za watu wa dagaa wanarudi Mwaloni.

Masele: Shemeji, nilimwambia hiyo siyo ya Disney. Ni Snow White: A Tale of Terror, ya 1997. Mama wa kambo ni Sigourney Weaver, yule si wa mchezo.

Kulwa: Form four mzima 😂😂

Doto: Wewe hukuona pale analetewa nyama! Anajua ni ya Lilli, mtoto wa mumewe. Anakula!! Kumbe ya nguruwe.

Bibi Nyegezi: Ndiyo maana siziangalii. Kila hadithi mama wa kambo mchawi. Miye nimewakuta watatu, nimewavusha wote. Masele, nilikulisha sumu?

Masele: Hapana mama. Ugali wa udaga tu, kwa fimbo.

Neema: Bibi una haki. Hadithi hii kwenye kitabu cha kwanza cha ndugu Grimm, wale Wajerumani, 1812, anayetaka kumuua binti ni mama yake mzazi. Toleo la 1819 ndipo wakamgeuza wa kambo.

Bibi Nyegezi: EHEE! Wametusingizia.

Neema: Na hayo ya kula nyama yamo kitabuni, mle ni mapafu na ini. Mwisho malkia anavishwa viatu vya chuma vyekundu kwa moto, anacheza navyo hadi anakufa. Disney 1937 wakaona bora aanguke jabalini.

Mama Kulwa: Hebu, watu tunakula.

Masele: Mimi kilichonishika kwenye filamu ni kwamba huyo wa kambo anaanza vizuri tu. Ana mimba. Siku ya sherehe Lilli anatokea na gauni la marehemu mama yake, mzee anamkodolea. Mama uchungu ukamshika, mtoto akazaliwa amekufa. Toka hapo ni yeye na kioo.

Bibi Nyegezi: Masikini. Na nani alimkanda maji ya moto? Nani alimpikia uji wa pilipili manga?

Masele: Hamna. Jumba zima, watumishi kibao, hamna.

Doto: Bibi unamtetea??

Bibi Nyegezi: Kuua mtoto wa watu simo. Ila mzazi haachwi peke yake na kioo. Nileteeni hiyo flashi Jumapili, na sato wawili. Sangara sitaki.

Mama Kulwa: Mama, mwanzo tu mbwa mwitu wanavamia gari la farasi.

Bibi Nyegezi: Nimezaliwa Ukerewe, nimekua na viboko.

Masele: Luku ya umeme ina uniti ngapi?

Bibi Nyegezi: Mbili.

Masele: Basi natuma na tokeni.