Kamera ya wakala au ya pembeni: nichukue ipi?

Kivuli86: Wakuu, nataka kununua kamera wiki hii. Wakala rasmi anayo, na duka moja la mtandaoni lisilo wakala, yaani la pembeni, wanayo pia, ila bei yao iko chini kama robo hivi. Kamera ni ile ile, mpya kwenye boksi. Nichukue wapi?

Lenzi50: Kamera gani? Unapiga picha au video? Dhamana inatolewa na nani? Umetega kitendawili halafu unataka tukupe na mji.

Jichokali: Chukua ya pembeni, usisikilize waoga. Bodi zangu mbili (kamera zenyewe, bila lenzi) ni za pembeni, mwaka wa nne huu hazijamwona fundi. Kampuni imeigawa dunia kanda kanda ili kila kanda iuziwe kwa bei yake, basi. Hata programu ya ndani ikitoka mpya, unapakua kwenye tovuti yao na kamera inaipokea bila kukuuliza ulinunua wapi.

MzeeWaSensa: Si kila mara ni ile ile. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Kijana wangu mmoja anayo. Kufomati kadi amekariri: chini mara nne, kulia, chini mara mbili, bonyeza. Siku akikosea hesabu anaita watu.

BiMwanga: Ngoja niwasimulie yangu. Nilinunua ya pembeni, boksi likafika limeshafunguliwa. Lenzi haikuwa na nafasi yake mle ndani, imeviringishwa tu kwenye nailoni ya mapovu. Seti ya kamera na lenzi ilikuwa imevunjwa na kuunganishwa upya. Betri nyepesi, maandishi yake yanatoka kwa kidole. Nikanyamaza, kwa sababu picha zilikuwa safi. Mwezi wa saba, niko kwenye harusi ya watu, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga mbele ya sensa, ikakwama. Kila picha nusu nyeusi. Harusi nikaimalizia kwa simu, na aibu ile sijaisahau.

Nikaipeleka kituo cha huduma cha mtengenezaji. Dada wa mapokezi akaigeuza, akasoma namba ya chini, akaiandika kwenye kompyuta, akaniambia kwa upole kabisa: hii si ya kanda yetu. Nikasema nitalipa. Akasema hata ukilipa. Dhamana niliyokuwa nayo ni karatasi ya duka, na masharti yake ni kuirudisha kwao kwa gharama yangu. Wiki kumi na moja! Ikarudi inapiga, lakini sensa, kile kioo cha ndani kinachopokea picha, ina doa. Kila picha yenye anga nakaa kulifuta.

Jichokali: Pole sana dada. Lakini hapo mwenye kosa ni muuzaji, si soko.

Lenzi50: Muuzaji ndiye soko lenyewe! Kwani dhamana unamdai nani? Nikon ya Marekani imeandika wazi kwamba bidhaa isiyoingizwa na wao hawairekebishi, hata kwa malipo. Sasa robo uliyookoa itakusaidia nini?

Mpitanjia: Hayo si magendo tu jamani?

MzeeWaSensa: Hapana. Magendo ni kukwepa ushuru, na bandia ni jambo jingine tena. Hii ni bidhaa halisi iliyopita njia ambayo kampuni haikuipanga. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya vitabu vya kiada vilivyonunuliwa Thailand kwa bei nafuu na kuuzwa Marekani, na mchapishaji aliyeshtaki akashindwa.

Mpitanjia: Vitabu havina shata, mzee.

Kivuli86: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni Sony A7 IV. Picha za matukio, video kidogo. Tangazo linasema "toleo la kimataifa".

Lenzi50: "Toleo la kimataifa" ni maneno ya muuzaji. Omba picha ya namba iliyo chini ya bodi, halafu uliza kituo cha huduma cha Sony cha kwako kama wataihudumia. Kabla hujalipa.

Jichokali: Na kwenye video chagua mfumo, PAL au NTSC, kulingana na umeme wa mahali ulipo. Taa za umeme wa hezi 50 ukipiga kwa fremu 60 kwa sekunde, utaona mistari inapanda na kushuka ukutani.

MzeeWaSensa: Si fremu, ni kasi ya shata. Weka 1/100 ya sekunde, mistari inaondoka.

Jichokali: Nimesema fremu kwa sababu wengi wanaacha shata ijipange yenyewe.

Mpitanjia: BiMwanga, hilo doa si unapuliza tu na kipulizio cha mpira?

BiMwanga: Nimepuliza mpaka mkono umechoka. Ni mafuta, si vumbi.

MzeeWaSensa: Kama ni mafuta, kijiti cha kusafishia sensa na matone mawili ya dawa yake. Futa mara moja upande mmoja, usirudie na kijiti hicho hicho.

Lenzi50: Mzee, usimfundishe mtu kugusa sensa kwa maandishi.

Kivuli86: Nimewaomba picha ya namba. Wamenitumia picha ya boksi, limefungwa.

BiMwanga: Upande gani wa boksi?