Tukisema "utamaduni wetu", tunamaanisha wa nani?

Mwana Katuba

Wazee wangu na yaya zangu wote, yaani kaka na dada zangu wakubwa, nawasalimu kwa heshima. Dada yangu ataposwa rasmi mwaka huu hapa Lubumbashi, Kongo, na kabla hata wakwe hawajafika, jamaa yetu imegawanyika kuhusu mahari. Baba ni Muluba, na ndugu zake wanasema kwamba mahari hupokelewa na upande wa baba, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama ni Mubemba, na wajomba zangu wanajibu kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo binti hawezi kutolewa bila mjomba kuketi mbele. Kila upande unataja utamaduni, na ukishautaja hautaki kusikia jambo jingine. Sisi watoto tuliozaliwa Katuba tunaongea Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni. Kiluba na Kibemba tunavisikia kwa wazee, hasa kwenye kilio. Ningependa kuelewa utamaduni ni nini hasa, unabadilika kwa njia gani, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba badiliko hili linakubalika na lile ni upotevu.

Mwalimu wa Kamalondo

Mwanangu, swali lako ni zito, na ni vizuri umeliuliza kabla ya kikao. Mwaka 1871 msomi Mwingereza Edward Tylor alieleza utamaduni kuwa ni jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo mwingine ambao binadamu huupata kwa kuwa mmoja wa jamii. Wasomi wa baadaye wameyakosoa mengi katika kazi yake, lakini jambo hili halijatikisika: utamaduni hauji na damu, bali mtu hufundishwa na wale anaoishi nao. Mtoto wa Kiluba akilelewa tangu uchanga kwa Babemba atakuwa na adabu, hofu na furaha za Babemba.

Ukishakubali hilo, utaona kwamba badiliko haliingii katika utamaduni kama ugonjwa kutoka nje, kwa sababu kila kizazi kinachofundishwa hupokea baadhi ya mambo, huacha mengine, na huongeza yale ambayo maisha yake yanayadai. Tazama bukari tunaoula, yaani ugali wa mahindi. Hakuna mtu Lubumbashi anayekubali kwamba amekula kama hajala bukari, na ukimwuliza atakwambia ni chakula cha mababu. Lakini mahindi asili yake ni Amerika, na hayakujulikana Afrika kabla ya safari za Wareno na Wahispania za mwisho wa karne ya 15. Muhogo, ambao majani yake ndiyo sombe yetu, ulitoka huko huko. Mababu wa mbali zaidi walikula mtama, ulezi na uwele. Kisha mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910 na watu wakaja kufanya kazi katika migodi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, unga wa mahindi ulikuwa katika posho waliyogawiwa, na watu waliotoka vijiji mbalimbali wakajikuta wanakula chakula kimoja. Je, kwa sababu hiyo bukari si wetu? Ni wetu kabisa, maana tumeupa namna ya kuusonga, ya kuula na ya kumheshimu mgeni kwa huo, na tumewafundisha watoto wetu.

Mama wa Mtaa wa Kenya

Naunga mkono maneno ya Mwalimu, na ninaongeza jambo linalomhusu moja kwa moja kijana wetu. Watu wengi huzungumza kama vile mahari ya fedha nyingi ni desturi ya kale ya Babemba. Zamani, kwa Babemba, mali iliyotolewa ilikuwa ndogo. Uzito ulikuwa katika kazi. Mwanamume alihamia kijiji cha wakwe, akawakatia miti, akawalimia shamba, na kwa muda mrefu wakapima tabia yake. Vijana walipoanza kwenda migodini, mwanamume aliyeajiriwa hakuweza kuwa kwa wakwe na mgodini kwa wakati mmoja, hivyo fedha ikachukua nafasi ya jembe. Hakuna mkutano ulioamua hivyo. Kila familia ilijitafutia njia, na njia zilipofanana zikawa desturi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ngoma ya beni, ambayo wengine hapa waliijua kwa jina la mbeni. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19 katika miji ya pwani ya Kenya kama Mombasa na Lamu, ikiiga bendi za kijeshi na vyeo vyake. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua askari na wapagazi wengi, nao wakaieneza mbali, hata ikafika hapa kwetu, kwenye miji ya migodi ya Katanga. Mtu aliyetazama kwa nje aliona Waafrika wanaowaiga Wazungu. Lakini ndani ya vyama hivyo watu waliokuwa wageni mjini walipata wa kuwasaidia wakiugua na wa kuwazika wakifa. Umbo liliazimwa, ila haja ilikuwa yao wenyewe. Mimi nadhani haja hiyo ndiyo tunayopaswa kuitafuta tunapochunguza desturi yoyote, kabla ya kubishana ilitoka wapi.

Mzee wa Ruashi

Msisahau mabadiliko yanayoamriwa, maana sisi tuliyaishi. Mwaka 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakaondolewa. Tai ikakatazwa, wanaume wakavaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Yote yalifanywa kwa jina la kurudi kwenye utamaduni halisi. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, aliruhusu pia suti na tai, na abakosti haikuchukua muda kupungua mijini. Hata hivyo majina ya mababu hayakuondoka: leo jina la Kikristo limerudi, na la babu limebaki pembeni yake katika vitambulisho. Kwa maoni yangu, sababu ni kwamba jina la babu lilikuwa tayari linaishi nyumbani, na amri ililiingiza tu katika karatasi, wakati abakosti haikuwa na nyumba yoyote iliyoihitaji.

Binti Likasi

Ninawaheshimu wazee wangu, lakini naona mazungumzo yanataka kutufariji mno. Si kila kilichoachwa kiliachwa kwa hiari. Basanga na majirani zao walijua kuyeyusha malakaiti, mawe ya kijani yenye shaba, katika tanuru za udongo wa kichuguu, chini ya wakuu wa kazi waliojua pia dawa na miiko yake, na shaba hiyo ilimwagwa ikawa misalaba iliyotumika katika biashara na hata katika mahari. Wakoloni walipoyachukua machimbo, na tanuru kubwa la Lubumbashi likaanza kutoa shaba mwaka 1911, mafundi hao hawakubadilisha utamaduni wao. Walinyang'anywa mahali pa kuufanyia. Vivyo hivyo lukasa, ubao wa shanga ambao wanachama wa Mbudye, chama cha watunza historia wa Baluba, waliusoma kwa vidole ili kusimulia historia ya wafalme. Mbao nyingi leo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mbali na watu waliofundishwa kuzisoma. Kwa hiyo, kaka Mwana Katuba, mtu akikwambia kwamba utamaduni hubadilika tu, mwulize ni nani aliyeubadilisha, na ni nani aliyelipa gharama.

Mwana Katuba

Asanteni sana. Yaya wa Likasi, habari ya misalaba ya shaba imenisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu leo hakuna mjomba wala baba mdogo anayesema kwamba mahari bila msalaba wa shaba ni batili. Nitawauliza pande zote mbili mahari inafanya kazi gani. Nadhani watajibu kwamba inaunganisha koo na inamhakikishia binti kwamba ana watu nyuma yake. Ikiwa ndivyo, nitaomba baba apokee, na mjomba aketi mbele, aseme na apewe sehemu yake.

Mwalimu wa Kamalondo

Pendekezo lako lina msingi hata katika sheria, kwa kuwa Kanuni ya Familia ya 1987 inataka mahari ikubaliwe na wazazi wa binti, na mama yako ni mzazi sawa na baba yako. Mkikubaliana, andikeni nani amepokea nini, ili msipate taabu siku ya kuandikisha ndoa kwenye komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Ila katika maelezo yako yote sijaona mahali dada yako mwenyewe alipoulizwa. Nenda kwake kwanza, kabla ya kwenda kwa wajomba, na umsikilize anataka nini kibaki na nini kiachwe.