Gitaa kavu bila mwimbaji: nianze na vidole viwili, vitatu au vinne?

NyuziSita:
Salamu wakuu. Nina gitaa kavu la nyuzi za chuma, seti ya 12 hadi 53 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi). Kodi za kawaida (C, F, G, Am, Dm, Em) zinashikika na kuhama kutoka moja kwenda nyingine si shida. Sasa nataka kupiga vipande vya gitaa tupu: besi, kodi na melodi vyote vitoke kwenye gitaa moja. Njia ninazoziona ni tatu:

a) gumba na shahada tu, kama wapigaji wa Katanga (Kongo) na wa omutibo, mtindo wa magharibi ya Kenya;
b) gumba, shahada na cha kati, huu unaoitwa mtindo wa Travis;
c) gumba na vidole vitatu, kiklasiki.

Muda ni nusu saa kila siku, na lengo ni vipande viwili vitatu vizima ndani ya miezi minne. Ipi ianze? Na je, ukianza na moja unajiharibia nyingine?

Gumba_Huru:
Anza na viwili. Wengi hudhani ni njia ya mkato, lakini ugumu wake ndio faida yake. Shahada ikiwa peke yake huko juu, gumba halina wa kulifunika, kwa hiyo litajifunza kazi yake upende usipende. Anayeanza na vitatu mara nyingi hukariri mzunguko mmoja wa vidole. Mzunguko huo unapendeza ukimsindikiza mwimbaji, lakini mpe melodi isiyoufuata uone anavyokwama.

Tena hilo jina linapotosha. Merle Travis, mpiga gitaa wa Kentucky, Marekani, mwenyewe alipiga kwa gumba na shahada. Aliyeongeza vidole ni Chet Atkins, aliyeanza kwa kumsikiliza yeye. Jean Bosco Mwenda wa Katanga naye ni gumba na shahada. Kwa hiyo (a) na (b) zinatofautiana zaidi kwa kazi ya gumba kuliko kwa hesabu ya vidole.

Zoezi la kuanzia, uzi wa 1 ukiwa ule mwembamba:

Shika C. Gumba lipige uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4, noti moja kila pigo, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 60 kwa dakika. Dakika tano, shahada isiguse kitu. Kisha shahada ipige uzi wa 2 sambamba na gumba kwenye pigo la kwanza tu. Hili tunaliita bano. Hamisha bano liende pigo la 2, la 3, la 4. Baada ya hapo shahada iingie katikati ya mapigo, yaani kwenye "na" ya moja-na-mbili-na, na hapo pia sehemu moja tu kwa wakati. Jumla unapata nafasi nane. Usitoke kwenye nafasi hadi uipige mizunguko minane mfululizo bila gumba kusita.

Ndipo uingie kwenye melodi. Ukiwa umeshika C ileile, hizi hapa ziko tayari: G (uzi wa 3 wazi), B (wa 2 wazi, ukiinua kidole), C (wa 2 freti ya 1), D (wa 2 freti ya 3, kidole cha mwisho), E (wa 1 wazi), F (wa 1 freti ya 1, laza shahada ya kushoto), G ya juu (wa 1 freti ya 3, kidole cha mwisho). Inayokosekana ni A. Ukitaka A, nenda kodi ya F, maana iko humo tayari kwenye uzi wa 3 freti ya 2. Ukiwa na noti hizo unaweza kutafuta tenzi na nyimbo nyingi za watoto jioni moja.

ShahadaTu:
Nakubaliana na Gumba_Huru kwa sehemu kubwa, ila Katanga na Travis zisitiwe kapu moja, mtu atafanya mazoezi ya kitu kingine.

Kwa Travis gumba ni kama saa ya ukutani. Linapishana juu ya nyuzi za besi bila kujali melodi inafanya nini. Kwa Katanga gumba na shahada ni michi miwili kwenye kinu kimoja: huyu akipanda yule anashuka, na ukiondoa mmoja mdundo unavunjika. Gumba haliishii kwenye besi, hupanda hadi uzi wa 3 kubeba noti za kati. Sikiliza "Masanga" ya Bosco, ambayo mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1952. Ukijaribu kuipiga kwa gumba la saa ya ukutani, noti zitakuwa sahihi na wimbo hautakuwepo.

Zoezi lake (ni zoezi tu, si wimbo). Shika C, noti nane zenye urefu sawa:

gumba 5, shahada 2, gumba 4, shahada 1, gumba 3, shahada 2, gumba 4, shahada 1

Anza na 50, noti mbili kwa kila pigo. Zikinyooka, tia nguvu noti ya 1, ya 4 na ya 7 tu. Mkazo utaangukia gumba, kisha shahada, kisha gumba, nao hautafuata mapigo ya metronomu. Mwanzoni mkono utataka kuongeza mwendo kila unapotia mkazo. Hapo ndipo pa kukaa wiki nzima.

Omutibo wa magharibi ya Kenya, ule wa akina George Mukabi, uko karibu zaidi na saa ya ukutani, lakini kumbuka pembeni palikuwa na chupa ya Fanta ikigongwa kushika mdundo. Ukipiga peke yako bila chupa, besi iwe kavu na fupi. Laza ukingo wa kiganja juu ya daraja, uguse nyuzi za 4 hadi 6 kidogo tu. Ukisogea sentimita moja kuelekea tundu, zinakufa kabisa.

Dada_Noti:
Naomba nitetee njia ya (c), maana humu vidole viwili vinasifiwa kana kwamba havina mwisho.

Shahada moja haiwezi kupiga nyuzi za 3, 2 na 1 kwa mara moja zikasikika kama sauti tatu zilizosawazishwa. Itafagia tu, na uzi wa 1 utachelewa. Haiwezi tremolo, yaani kurudia noti moja kwa kasi mfululizo. Na melodi ya noti za haraka kwenye uzi mmoja itaichosha, kwa sababu lazima irudi kila baada ya noti, wakati shahada na cha kati wakipokezana kila kimoja kinapumzika zamu ya mwenzake. Kama vipande unavyovitamani vina sauti tatu zinazotembea kila moja njia yake, anza na vinne leo.

Mgao: gumba nyuzi za 6, 5 na 4, shahada wa 3, cha kati wa 2, cha pete wa 1. Zoezi la kwanza: gumba, shahada, kati, pete, kati, shahada, hesabu ya sita, polepole. Panda vidole vyote vitatu juu ya nyuzi zake kabla gumba halijapiga, ndipo uviachilie kimoja kimoja. Cha pete kitakuwa dhaifu na sauti ya uzi wa 1 itafifia. Usikinyanyue juu zaidi ili kipate nguvu. Kiguse uzi mapema, ukisukume ndani kuelekea ubao, kisha ukiachilie.

Vidole visogee kutoka kwenye kifundo kikubwa kilicho karibu na kiganja. Vikikunjuka kutoka ncha tu, nyuzi zinavutwa nje na zinapiga "pwa" dhidi ya freti. Wengi hulaumu gitaa.

Swali la kuharibiana: tabia moja tu huleta tabu baadaye, kupachika kidole cha mwisho cha kulia juu ya ubao kama nguzo. Wapigaji wengi wazuri wa gumba na shahada hufanya hivyo bila hasara. Ukitaka kuhamia vinne, kile cha pete kinafungwa na jirani yake aliyeganda. Kama unajua utahamia, usipachike tangu mwanzo.

Gumba_Huru:
Dada_Noti, hoja ya sauti tatu naikubali kabisa. Nafasi ya cha kati kwangu inaanzia hapo: likija bano la noti mbili juu, kiite, kisha kirudi kupumzika.

Fundi_Daraja:
Kabla ya vidole, gitaa lenyewe. Mengi yanayoitwa "mkono mgumu" ni nyuzi zilizo juu.

Pima kwenye freti ya 12, kutoka mgongo wa freti hadi chini ya uzi, gitaa likiwa limetyuniwa. Kwa nyuzi za chuma, karibu milimita 2.4 uzi wa 6 na 1.6 hadi 1.8 uzi wa 1 inafaa kupiga kwa vidole. Ukikuta 3.5 lipeleke kwa fundi. Ukisugua mwenyewe mfupa wa daraja, sugua upande wa chini, na ukumbuke kuwa kushusha nusu milimita kwenye freti ya 12 kunataka kutoa milimita nzima kwenye mfupa. Sugua kidogo, rudisha, pima. Uliyozidisha hairudi.

Upana wa shingo pale juu: magitaa mengi ya chuma ni milimita 43, yanayolengwa wapigaji wa vidole ni 44.5, na la klasiki ni kama 52. Kwenye 43 vidole vya kushoto hugusa uzi jirani na kuuzima, hasa D ile ya kidole cha mwisho. Si sababu ya kununua gitaa jipya. Simamisha ncha za vidole wima na ukate kucha za kushoto hadi mwisho.

Kwa mwenye gitaa la nailoni anayetamani mlio wa chuma: usifunge nyuzi za chuma humo. Seti ya nailoni inavuta karibu kilo 40, ya 12 hadi 53 inapita 70. Daraja litang'oka, na mara nyingine linaondoka na vipande vya ubao.

Kama 12 zinakuuma, shuka hadi 11. Besi itapungua uzito kidogo, na ukilegeza uzi wa 6 hadi D unaweza kusikia unatetemeka kwenye freti za mwanzo.

NyuziSita:
Asanteni sana. Nimefuata (a), zoezi la Gumba_Huru. Bano limekaa. Shida ni kwenye "na": shahada ikiingia katikati, gumba linaruka noti au linaifuata. Na kucha: nifuge au nikate?

ShahadaTu:
Unahesabu melodi na kuliacha gumba lijiendee. Geuza. Taja namba za nyuzi za gumba kwa sauti, "tano, nne, tano, nne", na shahada iingie kati ya maneno yako. Shuka hadi 40. Ukiona bado, ondoa noti za gumba kwenye pigo la 3 na la 4, baki na "tano, nne" na "na" moja tu kati yake. Rudisha zilizobaki kesho.

Dada_Noti:
Kucha: kwenye chuma huisha haraka kuliko kwenye nailoni, na ikikatika katikati ya kipande sauti inageuka. Ukifuga, acha milimita 1 hadi 2 zaidi ya nyama, piga msasa laini ufuate mviringo wa ncha ya kidole, bila kona. Kona hunasa uzi. Kwa (a) nyama tupu yatosha, mlio unakuwa mzito na wa chini kidogo. Chagua kimoja na ukikalie, maana pembe ya mkono hubadilika.

Besi_Kwanza:
Hakuna aliyegusa utajifunza kutoka wapi, na hilo linaamua kasi kuliko vidole.

Tabulatura (maandishi ya namba za freti juu ya mistari sita ya nyuzi) inakuonyesha freti, lakini nyingi hazionyeshi gumba linaishia wapi na shahada inaanzia wapi. Kwa Katanga hilo ndilo kila kitu. Ukiipata, pitia kwa penseli kwanza: noti za gumba zipe mkia chini, za shahada mkia juu. Video inaonyesha mkono, ila watu huiangalia kwa kasi kamili. YouTube ina mwendo wa 0.5 na 0.75, na sauti haishuki. Tumia.

Kwa sikio ndiyo polepole zaidi, na ndiyo inayobaki kichwani. Utaratibu: chukua sekunde nne tu. Imba besi, itafute. Imba melodi ya juu, itafute. Noti za kati ziache mwisho, mara nyingi ni kodi uliyokwisha kushika. Rekodi za zamani huwa kati ya tyuni mbili kwa sababu ya mwendo wa mashine, kwa hiyo lilete gitaa kwenye rekodi, usihangaike na kifaa cha kutyuni. Besi zikisikika wazi na za juu kuliko gitaa lako linavyoweza bila kushika, ujue kuna kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja.

Tyuni nyingine kama D A D G A D ziache hadi gumba litulie. Zinapendeza upesi, lakini ramani ya noti uliyopewa hapo juu inafutika.

NyuziSita:
Sina kapo. Ile ya penseli na raba inafaa?

Fundi_Daraja:
Inafaa kwa mazoezi. Penseli yenye pande sita, weka upande bapa juu ya nyuzi, nyuma kidogo ya freti ya 2, si juu yake. Raba ya tyubu ya baiskeli inashika kuliko ya ofisini: zungusha nyuma ya shingo, rudisha kwenye ncha ya pili, vuta mizunguko miwili kila upande. Uso wa shingo ya gitaa la chuma, pale penye freti, umebinuka kidogo, kwa hiyo penseli iliyonyooka inabana nyuzi za kati, na wa 1 na wa 6 ndiyo hulia "zzz". Ongeza mzunguko mmoja wa raba kwenye ncha inayolia, kisha tyuni upya, maana kubana kunapandisha nyuzi zote kidogo.