Nasomesha watoto nyumbani, msimu wa sherehe na kazi za mikono umetuzidi. Nipunguze nini?

Mama Watatu (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za humu. Naomba ushauri kwa wanaosomesha nyumbani, na hata asiyesomesha nyumbani mwenye wazo alete tu.

Nina watoto watatu, miaka 11, 8 na 4. Mwaka mzima tunakwenda vizuri, lakini msimu huu ukifika kila kitu kinaangukia wiki zilezile. Sikukuu iko mbele, siku za kuzaliwa za wawili zinafuatana, na muhula tunaufunga kwa siku ya maonyesho: babu, bibi, shangazi na majirani wanakuja, watoto wanaeleza walichofanya. Hivi sasa meza ya chakula imetekwa. Kuna sayari za magazeti na gundi ya unga ambazo hazijakauka, mapambo ya unga wa chumvi, kadi za sikukuu zilizoishia nusu, na mkubwa ameanzisha daraja la vijiti ambalo sioni litakwisha lini. Mdogo kazi yake ni kufungua chupa za gundi.

Vitabu vimelala. Hesabu tunazigusa kwa kubahatisha, kusoma ni usiku tu wakishapanda kitandani. Baba yao anasema waache wafurahie, kwani tuliwatoa kwenye kengele za shule ili iwe nini. Mama mkwe naye kila akija anauliza, "Leo wamesoma nini?" Nikimwonyesha sayari, anaitazama, kisha ananitazama mimi.

Sasa, nisimamishe vitabu kabisa mpaka msimu upite, au nibane kazi za mikono? Na kwenye hizo kazi zenyewe, nitajuaje kwamba mtoto anajifunza kweli na si kupoteza muda kwa rangi?

Baba Pacha

Pole dada. Simamisha vitabu. Hata shule zina likizo na hakuna mtoto aliyesahau kusoma kwa sababu hiyo. Mkirudi mtarudi na nguvu.

Kalamu Nyekundu

Napingana na mkuu hapo juu. Likizo ni likizo, kila mtu anajua hakuna somo. Mama Watatu anauliza kama sayari ni somo, na hilo linategemea mtoto anafanya nini na hiyo sayari.

Tuambizane ukweli, kuna mazoea kwetu wazazi wa nyumbani ya kuita kila kitu hisabati. Mtoto kachota vikombe viwili vya unga, tunaandika "leo vipimo". Kwa wa miaka 4 sawa. Kwa wa miaka 8 sawa ukimwambia atengeneze nusu ya kipimo, halafu robo tatu. Wa miaka 11 hapo hapati kitu, anakusaidia kazi tu.

Huyo mkubwa mpe kazi ya maboksi ya zawadi. Karatasi ya A4 ni sm 21 kwa sm 29.7. Akikata mraba ulio sawa kwenye kila kona, akakunja pande juu na kuzibandika, anapata boksi lisilo na kifuniko. Muulize: akitaka boksi libebe vitu vingi kadiri inavyowezekana, mraba wa kona uwe na ukubwa gani? Wengi husema ukubwa haujalishi kwa kuwa karatasi ni ileile, au husema mkubwa zaidi maana boksi litakuwa refu. Mwache akate na apige hesabu. Kona ya sm 2 inatoa boksi la sm za ujazo karibu 874. Ya sm 3 inatoa 1,066 na ushee. Ya sm 4 inafika 1,128. Ya sm 5 inashuka hadi 1,083. Hapo ndipo atakapokaa kimya, kwa sababu namba zilipanda kisha zikageuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeziona zikigeuka. Atataka kujaribu 4.1 na 3.9 bila wewe kumwambia. Mwishoni una somo la ujazo, una desimali, na una maboksi ya zawadi.

Mama Watatu

Hii nimeipenda, na maboksi tunayahitaji hata hivyo. Ila nikimpa hiyo, na daraja liko pale pale, si ndiyo naongeza mzigo?

Mgeni Njiani

Mimi bado siielewi hii elimu ya nyumbani. Mtoto anahitaji wenzake.

Baba Pacha

Mkuu, fungua uzi wako tutakuja. Hapa tunazungumzia gundi.

Bibi Mwalimu

Mama Watatu, mwanangu, nimefundisha miaka mingi na wajukuu zangu wawili wanasomeshwa nyumbani, kwa hiyo nimeona pande zote.

Ukisoma ulivyoandika, kazi za mikono hazina kosa. Ila zote ni za kila mtu. Sayari ni za nani? Kadi ni za nani? Zikiwa za wote, mwisho wa siku zinakuwa za mama, na mama ndiye anayezimalizia watoto wakiwa wamelala. Fanya hivi: kwa siku ya maonyesho kila mtoto ana kazi moja, yake, aliyoichagua mwenyewe. Mkubwa ana daraja lake tayari. Wa katikati achukue sayari. Mdogo hana haja ya mradi, huyo apewe mapambo ya unga ayakandekande na akichoka aondoke. Kadi zifanywe na familia nzima jioni moja, zile zitakazopatikana ndizo zitakazotumwa. Visivyoingia hapo vitie kwenye boksi, viandike "baadaye", weka juu ya kabati. Hakuna atakayeviulizia, wewe ona.

Kuhusu vitabu, usisimamishe vyote. Bakiza hesabu na kusoma, vitu viwili tu, asubuhi, kabla gundi haijafunguliwa. Dakika ishirini kwa wa katikati, thelathini kwa mkubwa. Mambo mengine, historia, sarufi, jiografia, yanaweza kungoja na hayataoza. Hesabu hulegea haraka mtoto akiiacha, hasa kuzidisha na sehemu, na kuirudisha ndiko kunakoleta machozi. Kwa hiyo hapo nipo upande wa Kalamu Nyekundu ingawa lugha yake ni kali kidogo.

Siku ya maonyesho usikubali mtoto asimame na kitu kizuri asichoweza kukieleza. Aulizwe: ulitaka kufanya nini, kipi kiligoma, ukafanyaje? Daraja lililovunjika na mtoto anayejua limevunjikia wapi, mimi mwalimu nalipa alama kuliko daraja zuri lililonyamaza.

Weka kumbukumbu pia. Picha moja ya kazi ikiwa katikati, picha moja mwishoni, tarehe, na sentensi mbili tatu alizoandika mtoto kwa mkono wake. Sheria za nchi hazilingani: Ujerumani mtoto analazimika kwenda shule, na jimbo la Pennsylvania kule Marekani mzazi huweka jalada la kazi na mtoto hutathminiwa kila mwaka. Hata mahali ambapo hakuna anayedai, jalada hilo ndilo jibu la mama mkwe.

Na mama mkwe mwenyewe usimweke kwenye kiti cha mkaguzi. Mpe kazi. Wa miaka 8 amsomee bibi yake ukurasa mmoja kila akija. Akishasikia kwa masikio yake, lile swali litapungua.

Mpenda Mwezi

Naongezea kwa huyo mwenye sayari. Kama bado hajazipaka rangi, mwambie achague kipimo kwanza. Dunia ikiwa ushanga wa sm 1, Mshtarii inakuwa na upana wa kama sm 11, na Jua karibu sm 109, yaani urefu wa mtoto mdogo. Watu wanaishia hapo. Utamu uko kwenye umbali: kwa kipimo hichohicho, ushanga wa Dunia unatakiwa kukaa kama mita 117 kutoka kwenye Jua. Mezani haiingii! Toka naye nje, mhesabu hatua. Mwezi wenyewe ni chembe ya karibu milimita 3, sm 30 tu kutoka kwenye ushanga, urefu wa rula.

Halafu kwa kuwa mko kwenye msimu wa sikukuu, tengenezeni kalenda ya ukutani ya mwaka mzima na mtoto atafute kwa nini sikukuu nyingine zinahama. Mwezi mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 au karibu na hapo, ndiyo maana Idi hurudi nyuma kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Krismasi imesimama tarehe 25 Desemba. Pasaka kwa makanisa ya Magharibi inachanganya vyote viwili, jua na mwezi, na haitoki nje ya Machi 22 hadi Aprili 25. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuchora umbo la mwezi kila usiku mwezi mzima akaliona hilo mwenyewe. Haihitaji gundi.

Shangazi wa Mbali

Samahani naingilia, hiyo ya mdogo wa miaka 4 imenishtua. Gundi ya kawaida ya watoto si tatizo kubwa. Angalia betri. Zile kadi zinazoimba na taa ndogo za mapambo zina betri bapa za duara kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio inaweza kumuunguza ndani katika muda wa saa mbili tu. Ukishuku tu kaimeza, hospitali saa hiyohiyo, usingoje dalili. Na vipande vya puto lililopasuka viokotwe mara moja, vinakaba.

Mama Watatu

Shangazi ahsante, taa zile ziko kwenye droo ya chini kabisa. Nazihamisha sasa hivi.

Fundi Gundi

Nimesoma yote, wote mmesema vizuri, ila hakuna aliyegusa kinachoijaza meza: kukauka. Kazi yenyewe ya mikono ni saa moja, kungoja ni siku. Watu wakijaza miradi minne yenye kukauka kwa wakati mmoja, nyumba inakwama hata kama watoto hawana kazi.

Kwa hiyo chukua kalenda, anza na siku ya maonyesho, rudi nyuma. Sayari za magazeti ndizo za kwanza. Gazeti lichanwe kwa mkono, lisikatwe kwa mkasi, maana ukingo uliochanwa unalala vizuri na hauachi mstari. Tabaka tatu au nne, na kila tabaka likauke kabla ya jingine. Ukibandika manne kwa mpigo nje panakuwa pakavu, ndani pabichi, na wiki ijayo panaota ukungu. Rangi ni siku nyingine tena.

Mapambo ya unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, maji karibu kikombe 1 ukiyatia kidogokidogo mpaka donge lisishike mkononi. Sukuma unene wa nusu sentimita, si zaidi. Toboa tundu la uzi kabla ya kukausha, likikauka linapasuka. Oveni ya moto mdogo, nyuzi 100 hivi, saa mbili hadi tatu, geuza katikati. Bila oveni acha mahali penye hewa siku kadhaa. Kama mna mbwa, mapambo yasikae chini, chumvi ile inaweza kumuua.

Kadi ziwe za mwisho, hazina cha kungoja. A4 ukiikunja mara mbili unapata kadi ya A6, na bahasha ya C6 inaitosha bila kukata.

Kalamu Nyekundu

Na daraja, kabla hajaongeza vijiti, mwambie aunganishe vinne kuwa mraba na vitatu kuwa pembetatu, asukume kona kwa kidole. Mraba unalala, pembetatu inagoma. Aanzie hapo. Kisha apime linabeba kiasi gani kwa kuongeza mzigo kidogokidogo na kuandika kila mara.

Bibi, lugha yangu ni ya kalamu nyekundu, nisamehe.

Bibi Mwalimu

Nimekusamehe, ila umeandika vizuri.

Mama Watatu

Wadau, shukrani sana. Nimekaa na baba yao na hiki ndicho tulichokubaliana. Hesabu na kusoma asubuhi, gundi inafungiwa kabatini mpaka ziishe. Mkubwa ana daraja tu, maboksi atafanya kama hesabu za asubuhi, kwa hiyo si mzigo mpya. Wa katikati ana sayari, na ameshaanza kudai twende nje kupima hizo mita 117. Tulikuwa na mradi wa volkano na mwingine wa vikaragosi, vyote vimeingia kwenye boksi la "baadaye". Baba yao amesema siku za kuzaliwa mbili zifanywe sherehe moja, wenye siku wakikubali. Mmoja amekubali, mwingine anafikiria.

Swali dogo kwa Fundi: mapambo ya mwanzo yalikauka kabisa, leo nimeyagusa ni laini tena. Nilikosea kipimo?

Fundi Gundi

Hapana, kipimo hakina shida. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, siku yenye unyevunyevu lazima yalegee. Yarudishe kwenye oveni ya moto mdogo, yapoe kabisa, kisha upake vanishi pande zote mbili na ndani ya lile tundu. Tundu ndilo watu wanalosahau.