Naomba msaada: ofisi inasema leseni yangu ya Tanzania ni ya baada ya Anmeldung (kujiandikisha mkazi Ujerumani)

Kutoka: Mama Amani, NRW

Asalaam aleikum na Bwana asifiwe, ndugu zangu wote. Naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Nimepeleka maombi ya Umschreibung (kubadilishiwa leseni ya nje iwe ya Kijerumani) kwenye ofisi ya leseni ya mji wetu. Kila kitu nilikuwa nacho: Sehtest (kipimo cha macho), cheti cha huduma ya kwanza, picha, tafsiri ya leseni, Meldebescheinigung (cheti cha ukazi). Mama aliyenihudumia akaishika kadi, akaweka kidole penye 4a, yaani tarehe ya kutolewa, akatazama kwenye kompyuta tarehe niliyojiandikisha mjini. Akasema leseni hii imetolewa wakati mimi ni mkazi wa Ujerumani tayari, kwa hiyo hawaitambui. Nianze Fahrschule (shule ya udereva) toka mwanzo, masomo yote, kama mtu asiyewahi kushika usukani.

Nikamweleza kwamba nimeendesha Dar miaka mingi kabla ya kuja, na hii ni kadi niliyohuisha nilipokwenda likizo, maana ya kwetu ina uhai wa miaka 5 tu. Akajibu nilete barua ya mamlaka iliyoitoa, ionyeshe tarehe ya kwanza na madaraja. Kadi ya zamani sinayo tena.

Swali langu ni moja: nani amewahi kuipata barua hiyo akiwa huku? Inaombwa TRA (mamlaka ya mapato) au kwa trafiki? Naweza kumtuma mdogo wangu? Nimepata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Gari la kazi lipo, lakini bila leseni nafasi anapewa mwingine.

Kutoka: Mkazi wa Bochum

Pole sana dada. Mimi yangu ilikuwa safi kwa tarehe lakini nilisumbuka kwa Fahrschule. Watu wajue: sisi ambao nchi zetu hazimo kwenye Anlage 11 (orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa kwa urahisi) tunafanya mitihani yote miwili, nadharia na barabarani, ila hatulazimishwi kuhudhuria masomo. Hiyo iko kwenye § 31 FeV, kanuni ya leseni ya Ujerumani. Shule niliyoanza nayo walinipa mkataba wenye saa zote za mwanafunzi mpya, pamoja na saa za usiku na za Autobahn (barabara kuu ya kasi). Nilipouliza kwa nini, wakasema ndivyo wanavyofanya. Nikaondoka, nikatafuta nyingine. Shule lazima uwe nayo, kwa sababu siku ya mtihani unakuwa kwenye gari lao na mwalimu wao, lakini saa unachukua unazohitaji wewe.

Nadharia ni maswali 30. Ukizidisha pointi 10 za makosa umeanguka, na ukikosa mawili ya pointi 5 umeanguka vilevile, hata kama mengine yote umepatia. Lugha za kigeni zipo 12, Kiingereza kimo, Kifaransa kimo, Kiarabu kimo. Kiswahili hakimo.

Kutoka: Fundi, Chemnitz

Dada usiumize kichwa. Mwambie ndugu yako Dar akuchukulie ile leseni ya kimataifa pale AAT, chama cha magari, akutumie. Endesha na hiyo. Mimi najua watu wanaoendesha hivyo mpaka leo.

Kutoka: Mzee wa Kassel

Fundi, tafadhali usimpoteze dada wa watu. Ile ya kimataifa ni tafsiri ya leseni yako, haiongezi hata siku moja. Sheria ni miezi 6 tangu uweke makazi. Wanaweza kukuongezea ukithibitisha kwamba hutakaa zaidi ya miezi 12, basi. Baada ya hapo unaendesha bila leseni, nayo ni jinai chini ya § 21 StVG (sheria ya barabarani), faini au kifungo hadi mwaka mmoja. Mtu mwenye Aufenthaltstitel (kibali cha ukaazi) ya kuhuishwa ajifikirie mara mbili. Na bima ikikufuata baada ya ajali, hao watu unaowajua hawatakuja kukulipia.

Mama Amani, suala lako ni hili. Haki ya kuendesha ni kitu kimoja, na kadi ya plastiki ni kitu kingine. Sheria inakataa haki iliyopatikana wakati mtu anaishi hapa, ndiyo maana kwenda likizo Dar ukarudi na leseni mpya hakusaidii kitu, na kuna vijana wengi wanadanganywa hivyo. Wewe haki yako ni ya zamani, kilicho kipya ni kadi. Kwa hiyo huyo mama wa ofisini hajakosea kuomba ushahidi. Alikosea kukwambia uanze upya kabla hajauona. Mwombe akuandikie uamuzi wake kwa barua. Neno la dirishani huwezi kulipinga, barua unaweza.

Kutoka: Msomaji wa Stuttgart

Habari zenu majirani. Mimi ni wa Kenya. Sisi mambo yetu ya NTSA (mamlaka ya usafiri) yako kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, mtu anaona leseni yake akiwa popote. Nilichapisha ukurasa wenyewe nikaupeleka, lakini hata hivyo waliniomba tafsiri kamili ya kadi, ingawa iko kwa Kiingereza. Nilikubali tu. ADAC, chama cha wenye magari, wanafanya tafsiri hizo, au mtafsiri aliyeapishwa.

Kilichonitatiza ni mtihani wa barabarani. Kwetu mtihani unaanzia kwenye bodi, ile meza ya mji mdogo, unasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole na kumweleza polisi unaingia leni gani. Barabarani kwenyewe unakwenda mwendo mfupi. Huku ni dakika 55.

Kutoka: Wa Leeds

Huku Uingereza kidogo afadhali, unapewa miezi 12 tangu uwe mkazi. Ikipita unaomba provisional (leseni ya mwanafunzi), unafanya nadharia ya maswali 50 na lazima upate 43, halafu zile video za hatari, pointi 44 kati ya 75. Mtanzania na Mkenya hawabadilishiwi leseni. Afrika Kusini na Zimbabwe wanabadilishiwa. Lugha ni Kiingereza au Kiwelisi tu, zile sauti za lugha nyingine walizifuta 2014. Na cheti cha nadharia kinakufa baada ya miaka 2, wakati nafasi ya barabarani inasubiriwa miezi na miezi. Rafiki yangu kilimwishia akiwa bado anasubiri, akarudia nadharia yote.

Kutoka: Mzee wa Kassel

Leeds, dada yuko NRW, hapa Ujerumani. Tusimchanganye.

Kutoka: Wa Leeds

Mzee shikamoo. Orodha hii ya barua si ya Ujerumani peke yake. Wengine tunasoma ili tulinganishe.

Kutoka: Baba Zawadi, Texas

Kwa kulinganisha basi: Texas mkazi mpya ana siku 90 za kutumia leseni ya kwao. Nadharia maswali 30, ukipata 21 umepita. Mtihani wa barabarani unakwenda na gari lako mwenyewe, na kupaki sambamba kati ya nguzo ndiko kunakowaangusha watu. Lakini msije mkaandika "Marekani iko hivi". Kila jimbo lina sheria zake, aliyeko Minnesota au New York asifuate maneno yangu.

Kutoka: Bibi Harusi, Hannover

Naomba niseme la barabarani, kwa sababu Mama Amani hata barua ikija, mtihani utaufanya tu, na wengi wetu hatuangushwi na kutojua kuendesha. Tunaangushwa na mazoea.

La kwanza ni rechts vor links (kulia kabla ya kushoto). Ukiingia mitaa ya makazi, Zone 30 (mwendo mwisho 30), hakuna kibao wala mstari. Anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata kama ni baiskeli, hata kama uchochoro wake ni mwembamba kuliko barabara yako. Nyumbani aliye kwenye barabara kubwa ndiye mwenyewe, wa pembeni anasubiri. Hapa usipopunguza mwendo kwenye kila njia panda ya namna hiyo, mtahini amekaa nyuma anaandika, hata kama hakuna gari linalokuja. Mguu utoke kwenye mafuta ukae juu ya breki, na kichwa kigeuke kulia waziwazi. Macho peke yake hayatoshi, kutoka kiti cha nyuma haoni macho yako.

La pili ni bega. Kabla ya kubadili leni, kabla ya kukata kona, kabla ya kutoka ulipopaki: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, kisha geuza kichwa utazame juu ya bega. Unapokata kulia ndipo kwenye baiskeli, maana njia yao inapita pembeni yako na wao wanakwenda moja kwa moja. Mwalimu akikanyaga breki yake kwa ajili yako, mtihani umeishia hapo.

La tatu mikono. Magari mengi ya nyumbani ni ya Japani, indiketa iko kulia na waipa kushoto. Hapa ni kinyume. Gia nayo inahamia mkono wa kulia. Saa za mwanzo utaona waipa zinafuta kioo kikavu kila unapotaka kukata kona. Lipia saa chache mpaka mikono izoee, halafu ndipo ukariri sheria za barabarani. Na baiskeli ukiipita mjini uiachie mita 1.5, nje ya mji mita 2. Kama hakuna nafasi, kaa nyuma yake utulie.

Ukifanya kwa otomatiki leseni yako inaweza kuandikwa 78, yaani huruhusiwi gari la gia. Ulizia kwanza gari la kazi ni lipi.

Kutoka: Mkazi wa Bochum

Bibi Harusi umesema kweli tupu. Ongeza STOP: matairi yasimame kabisa, sio kunyata.

Kutoka: Mpwani, Berlin

Mimi kinachoniuma ni hiyo Anlage 11. Afrika Kusini imo. Namibia imo. Namibia ilitawaliwa na Mjerumani, nasi tulitawaliwa na Mjerumani, Maji Maji tulipigana sisi. Kwa nini Mnamibia anabadilishiwa na Mtanzania anarudishwa darasani? Haya ni mambo ya serikali kukaa mezani. Orodha haikushuka kutoka mbinguni, nchi zinaongezwa. Serikali yetu inasifu pesa tunazotuma nyumbani, basi na itusemee kwenye jambo dogo kama hili. Vilevile uraia pacha: Wakenya wanao tangu katiba ya 2010, sisi tunaambiwa tusubiri.

Kutoka: Fundi, Chemnitz

Mpwani umenena. Mimi nimeendesha Dar mpaka Mbeya na lori la tani nyingi. Nimeshuka Kitonga usiku kwa gia, huku breki zinanuka mbele yangu za wenzangu. Mikumi tembo wakivuka unazima redio na kusubiri. Leo nakaa darasani na vijana wa miaka kumi na saba.

Kutoka: Mzee wa Kassel

Fundi, hilo naliheshimu, na ndiyo maana sitaki upoteze leseni hapa kwa ushauri wa mitaani. Mpwani, orodha inategemea pande mbili: wao wanatazama mafunzo na mitihani yetu ikoje, na sisi tunawabadilishia wao au la. Uraia pacha ufungulie barua yake, hapa tumalize leseni.

Kutoka: Mpwani, Berlin

Mzee, hayo ndiyo mambo ya leseni. Kama si serikali, nani atatusemea?

Kutoka: Bibi Harusi, Hannover

Mikumi mmenikumbusha. Na machungwa ya Muheza dirishani, mtoto anakimbia na gari kukurudishia chenji. Ningepewa siku moja ya kuendesha Segera mpaka Tanga ningeshukuru.

Kutoka: Mama Amani, NRW

Asanteni wote, hasa Mzee na Bibi Harusi, nimechapisha maelezo ya mtihani. Lakini ile barua bado. Nimemwomba mdogo wangu aende TRA na nakala ya leseni, namba yangu ya TIN, nakala ya pasipoti na barua yangu ya kumruhusu. Yeye anasema jirani yao amemwambia aanzie kwa trafiki kwa sababu wao ndio waliotahini. Kuna aliyefanya hivi kweli, sio aliyesikia?

Kutoka: Mkazi wa Bochum

Leseni hutolewa na TRA, trafiki wanatahini tu. Aanze TRA.

Kutoka: Fundi, Chemnitz

Mimi ningeanza trafiki. Cheti cha kwanza cha kufaulu kinatoka kwao, na tarehe inayotafutwa ni hiyo.

Kutoka: Mzee wa Kassel

Aende kote kuwili, na barua itakayopatikana iwe na mhuri, jina kama lilivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na daraja lako. Jina likipishana hata herufi moja utaanza upya.

Kutoka: Mgeni, Leipzig

Samahani naingilia. Mimi nimefika juzijuzi, bado niko ndani ya miezi 6, na kadi yangu inaisha mwezi ujao. Nihuishe kwanza nyumbani au nipeleke maombi hivi ilivyo?

Kutoka: Mzee wa Kassel

Peleka maombi kesho, ikiwa bado hai. Unatia saini kwamba leseni ni halali siku hiyo unayoomba. Na piga picha kadi pande zote mbili kabla hujaiacha popote, maana ya Kijerumani wanakupa ukiwaachia ya kwenu.