Kompyuta imekaa tu haifanyi kitu, prosesa inasoma digrii 82! Nimeisafisha ndo imezidi

steshenari_kirumba

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nilipo sielewi. Nina kasteshenari kangu huku Kirumba, Mwanza, si mbali na Mwaloni, mashine ya kazi ni deskitopu yusedi, prosesa ya Intel Core i5-4590, ram 8, nilichukua mwaka jana na imenipigia kazi vizuri tu, printi, kuskani vyeti, madogo wa chuo kuomba mkopo, hakuna cha gemu wala kuediti video.

Sasa wale wadudu wa ziwani mnawajua, wanaonyanyuka majini kama moshi, mgeni anadhani kuna kitu kinaungua huko. Wiki iliyopita walikuja usiku, mi nilikuwa na oda ya kadi za harusi nimeacha taa inawaka na mlango wazi, asubuhi nafagia kwa koleo. Baada ya siku mbili feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikaweka HWMonitor, ile programu ya kusoma joto, nikakuta 64 na sijafungua chochote. Nikasema ngoja niisafishe mwenyewe, YouTube nimeangalia, si kazi.

Nikafungua, nikatoa feni pamoja na lile dude la aluminiamu chini yake, aisee. Kati ya feni na yale mapezi kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, vumbi na mabawa ya wadudu vimeshikana kabisa, unakivuta kwenye kona kinatoka kizima na kinanuka kama dagaa waliolala. Nikapiga brashi, nikapuliza, ikang'aa, nikarudisha nikiwa najisifu.

Nawasha, 82! Imekaa tu. Nikimpa PDF kubwa aprinti inafika 99 halafu inakuwa nzito, mpaka mteja anaanza kuniangalia vibaya. Zamani ilikuwa na uchafu ikasoma 64, leo safi inasoma 82, hiyo hesabu gani? Jamaa mmoja kaniambia prosesa imeungua ninunue nyingine. Au sensa ndo imekufa?

sangara_mkavu

Ihamishie Njombe mkuu, baridi ya bure huko.

Ila huyo jamaa anayekwambia ununue prosesa muulize kwanza kama hana ya kuuza.

Bwiru_Boy

Hizo programu zinadanganya sana usipate presha. Mi mashine yangu ilikuwa inaonyesha 127 sehemu fulani imeandikwa AUX siku nzima na hakuna kitu kimeungua. Halafu zile prosesa za AMD, Ryzen za mwanzo mwanzo, 1700X na 1800X, zilikuwa zinasoma digrii 20 zaidi ya ukweli, yani zimewekwa hivyo makusudi kiwandani ili feni iwahi kuzunguka, watu wakawa wanahangaika bure. Na ujue pia Mwanza tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, feni haipozi kama Dar.

fundi_mabatini

Bwiru_Boy hapo umechanganya mambo mengi kwenye sufuria moja. Ile 127 ya AUX ni sensa ambayo haijaunganishwa na kitu kwenye mazabodi, yani ile bodi kuu, programu inasoma hewa tu. Ryzen ni kweli ila yeye ana Intel. Na mwinuko upo ndio, ila ni suala la digrii chache, haukupeleki 82, ingekuwa hivyo kompyuta zote za Mwanza zingekuwa zimezima, na za Njombe huko juu zaidi ndo usiseme.

Sensa za Intel zinavyofanya kazi, prosesa haipimi joto kuanzia sifuri kwenda juu, inapima imebakiza digrii ngapi kufika kikomo chake, na kwa hiyo i5 yako kikomo ni 100. Ndio maana karibu na 100 inasema kweli na chini huko kwenye 35 au 40 inaweza kukosea kidogo. Kwa hiyo mtu akija hapa ananiambia yangu 38 ya jirani 42 namwambia akalale. Lakini 82, na ikifanya kazi inafika 99 halafu inakuwa nzito, hiyo ni kweli tupu. Inakuwa nzito kwa sababu inajipunguzia spidi yenyewe isiungue. Prosesa iliyoungua haikuwashii Windows ukaprinti, kwa hiyo weka hela yako mfukoni.

Sasa mkuu kabla hujanunua hata pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na aluminiamu, fanya hivi. Fungua kava, mashine ikiwa inawaka, uwe kwenye ile 82, gusa lile aluminiamu la pembeni, tunaita hitisinki, kwa kidole, angalia usiingize kidole kwenye feni. Kama ni la moto basi joto linafika pale ila haliondoki, hapo tatizo ni feni au hewa. Kama ni la uvuguvugu au baridi wakati programu inasema 82 basi joto halijafika kabisa, limebaki kwenye prosesa, yani hivyo vitu viwili havijagusana sawasawa. Hicho kidole ndo kipimo changu cha kwanza miaka yote, hakidanganyi.

Na niambie ulivyoitoa hitisinki ulifanyaje ile miguu minne inayoishikilia.

dada_wa_data

Fundi kasema vizuri ila mimi nina swali lingine kwa mwenye uzi. Unasema "imekaa tu", umejuaje? Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, iache dakika tano bila kugusa mausi halafu usome CPU inatumika asilimia ngapi. Mashine iliyopumzika inacheza kwenye 1 mpaka 5. Watu wengi wanadhani wakifunga madirisha yote basi kompyuta imelala, kumbe nyuma huko kuna apdeti inashuka, antivairasi inaskani, brauza ina tabu 30, au kaprogramu ka kukraki kanawachimbia watu wengine sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Na usiangalie joto ukiwa ndani ya bayosi, ile menyu ya kabla Windows haijawaka, ukalinganisha na la Windows, kwenye bayosi prosesa hailali, lazima isome juu kidogo.

steshenari_kirumba

Asanteni sana wakuu. Nimefanya vyote viwili saa hii.

Fundi umeniacha hoi, aluminiamu ni vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika, na huku inasoma 83. Miguu nilifuata mshale uliochorwa juu yake nikaizungusha, nikavuta juu, ikatoka. Wakati wa kurudisha nikakandamiza, miwili ikalia tak, miwili haikulia ila ilikaa nikaona poa tu.

Dada, CPU inacheza 25 hadi 28 na kweli sijafungua kitu, hiyo ni nyingi?

fundi_mabatini

Hahaaa hapo hapo. Tumemaliza nusu ya kazi.

Ile miguu ngosha ukiizungusha kufuata mshale unaifungua. Kabla ya kurudisha lazima uizungushe irudi ilikotoka, usipofanya hivyo unakandamiza wee na haifungi. Naona miwili uliirudisha kwa bahati na miwili umeisahau, kwa hiyo hitisinki imekaa upande kama kitanda kilichovunjika mguu. Halafu na hiyo pesti ya zamani ndo imemaliza kabisa, ikishakauka inakuwa kama udongo uliopasuka, ukiinyanyua na kuirudisha hairudi kwenye mashimo yake, katikati inabaki hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Ndio maana ulipokuwa na blanketi la wadudu ulisoma 64, ilikuwa chafu lakini imegusana. Sasa ni safi lakini haijagusana.

Fanya hivi, zima, chomoa waya wa umeme kabisa, shika chuma cha kesi utoe umeme wa mwilini. Chomoa kiplagi cha feni, toa hitisinki. Nunua spiriti duka la dawa, kitambaa kisichotoa nyuzi au karatasi laini, futa pesti ya zamani juu ya prosesa na chini ya hitisinki mpaka uone chuma kinang'aa na ukiona uso wako sawa. Usikwangue kwa bisibisi, namsema yule aliyeniletea juzi. Pesti mpya weka katikati ya prosesa kiasi cha punje ya harage dogo, usipake kama siagi kwenye mkate, ukikandamiza itajisambaza yenyewe. Na tafadhali sana usiweke dawa ya mswaki, kuna watu wanafundisha hivyo mtandaoni, inakauka ndani ya siku chache unarudi palepale.

Kisha rudisha miguu yote minne kinyume cha mshale, ibandike hitisinki, kandamiza mguu mmoja na wa kona iliyotazamana nao, halafu miwili iliyobaki. Kila mmoja ulie. Jaribu kutikisa hitisinki, ikicheza hata kidogo bado. Ukiweza kuchungulia nyuma ya mazabodi utaona vile vijiti vyeusi vimetokeza na kutanua plastiki nyeupe, vyote vinne. Rudisha kiplagi cha feni palepale kilipokuwa, pameandikwa CPU_FAN, ukisahau hicho utaniletea uzi mwingine.

dada_wa_data

25 ni nyingi mno. Tena hiyo namba inanipa picha, i5-4590 ina koa nne, yani ni kama prosesa nne ndani ya moja, koa moja ikishikwa mazima ndo asilimia 25. Kuna kitu kimoja kimekwama kinazunguka humo. Kwenye Task Manager gonga neno CPU juu ya safu ili kinachokula kikae juu, utuambie jina.

steshenari_kirumba

Imeandikwa spoolsv.exe

dada_wa_data

Nilijua tu, steshenari! Hiyo ndo inayopanga foleni ya printa. Kuna dokumenti imekwama humo, labda ulikata umeme katikati ya printi au LUKU iliisha, na yenyewe inajaribu kuituma kila sekunde mpaka leo.

Andika services.msc kwenye sehemu ya kutafuta, fungua, tafuta Print Spooler, gonga Stop. Usifunge hilo dirisha. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani, folda yenyewe usiiguse, kisha rudi ugonge Start. Kama kuna oda ya mteja kwenye foleni itapotea, itume upya.

Bwiru_Boy

Nimenyoosha mikono. Ila AUX yangu bado 127 🤣

steshenari_kirumba

Wakuu nimerudi na majibu, samahani jana sikuingia, kulikuwa na foleni ya picha za pasipoti.

Pesti nimepata mjini kwa buku 5, spiriti duka la dawa hapo jirani, muuzaji kaniuliza nani kaumia. Nimefungua, kweli kabisa miguu miwili ya upande wa ram ilikuwa bado imegeukia kwenye mshale, na ile pesti ya zamani nikiigusa inadondoka vipande kama rangi ya ukuta mbovu. Katikati ya prosesa kulikuwa pakavu hata hapajagusana, alama ipo pembeni tu upande mmoja. Nimefanya kama fundi alivyosema, miguu imelia minne, yaani nilikuwa nahesabu kwa sauti mpaka mdogo wangu akacheka. Wa mwisho ulihitaji nguvu mpaka mazabodi ikapinda kidogo nikafumba macho.

Kuwasha, 52. Hapo nilitaka kurukaruka lakini nikakumbuka ya dada, nikaenda kwenye ile folda nikakuta vifaili sita, kimoja ni cha tarehe ya mwezi uliopita, ile siku umeme ulikatika nikiwa naprinti mtihani wa shule moja. Nimefuta, nimewasha spula, CPU ikashuka mpaka 2, joto likaenda linashuka taratibu 49, 46, likasimama 41. Ndani ya duka sasa hivi ni kama 28 hivi. Feni mpaka nimeenda kuinamia nione kama inazunguka, kimya kabisa. Nimeprinti kurasa 80 mfululizo haijavuka 58.

Kwa hiyo ile 64 ya mwanzo nayo ilikuwa wadudu pamoja na hiyo foleni, sio wadudu peke yao.

fundi_mabatini

41 kwenye chumba cha 28, safi sana. Ukiona digrii 10 mpaka 20 juu ya joto la chumba mashine ikiwa imelala kweli, usiguse kitu.

Sasa kesi usiiweke sakafuni tena, inyanyue hata juu ya kreti la soda, vumbi na hao wadudu vinavutwa na feni kutoka chini. Hao wanafuata mwanga, wanakuja sana mwezi unapoandama, hizo siku ukifanya kazi usiku zima taa ya nje, weka wavu wa dirisha mlangoni. Usibandike soksi wala kitambaa mbele ya tundu la hewa, nimeshaona, unazuia wadudu na hewa yote. Na ukipuliza na bloa shika feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa kasi ile beringi inakufa.

sangara_mkavu

Na yule jamaa wa prosesa vipi?

steshenari_kirumba

Kaniuliza asubuhi kama nimeamua. Alikuwa nayo kweli, kwenye mfuko.

musoma_mjini

Fundi na mimi nisaidie, laptopu yangu inasoma 70 nikiwa nimelala nayo kitandani juu ya blanketi, nabadilisha pesti?

fundi_mabatini

Badilisha blanketi.